Redio Alivyolitoboa Shuka Langu

Mtenda husahau, mtendewa hasahau. Mimi sikusahau, na hata ningetaka, sanduku langu la nguo lisingeniruhusu. Miaka yote, kila nilipolifungua, lile shuka la buluu lilikuwa juu, limekunjwa, na ndani ya mkunjo lilikuwa na tundu la kupita kichwa cha mtoto. Lilikuwa shuka zito, la wageni, marehemu mume wangu aliniletea tukiwa bado vijana, nikawa nalitandika kwa nadra ili lisichakae. Aliyelitoboa nimemlisha kwa mkono huu. Na hakutosheka kulitoboa shuka, akanipa na jina, nikalivaa mtaa mzima miaka yote hii kama mtu aliyevalishwa gunia.

Jina lenyewe ni Mtoboa Mbingu.

Watu husema samehe, yalikuwa mambo ya wanafunzi. Anayesema samehe ni yule ambaye hajaitwa.

Sasa niwaeleze huyo msichana alikuwa nani, maana siku hizi mnamwona anapita na miwani yake, watu wanamwita mwalimu, mnadhani alizaliwa hivyo.

Nyumba yangu iko nyuma ya chuo kikuu. Ukuta wa chuo ndio ukuta wa ua wangu. Mume wangu alipokufa aliniachia tanuru la udongo la kuokea mikate, vyumba vya uani vya kupangisha, na dada yake. Tanuru na vyumba vilinifaa.

Huyo msichana aliletwa na baba yake, fundi viatu, mtu mpole mwenye gundi kwenye kucha. Walikuja na godoro limefungwa kamba na begi lililokatika zipu. Baba akanivuta pembeni akasema, "Mama, nakuachia mtoto wangu. Anaongea sana, lakini ana akili."

Nikamwambia, "Akili nitaiona. Kuongea nimeshasikia tangu mko barabarani."

Kweli alikuwa anaongea. Akifua anaongea, akila anaongea, akisoma anasoma kwa sauti mpaka mpangaji wa chumba cha pili akaanza kujua masomo yake. Nikampa jina la Redio. Hakukasirika, alicheka. Ukimpa mtu jina la kweli hakasiriki, akikasirika ujue ni la uongo. Hilo mliweke.

Asubuhi nikiwasha tanuru anakuja kukaa karibu na kitabu chake. Mkate ukipasuka au ukiungua chini nilimpa yeye, maana hela ya kula ya fundi viatu huwa inaisha kabla ya mwezi. Alikuwa anakula huku anasoma huku anasema. Somo lake lilikuwa mazingira. Siku moja akaniuliza, "Mama, unajua dunia inazidi kupata joto?"

"Nimekaa mbele ya tanuru, nitakosaje kujua joto?"

"Si hilo, mama. Ni mabadiliko ya tabianchi. Kule juu kuna tabaka linatukinga na jua, sasa limetoboka. Jua linaingia lote lilivyo, ndiyo maana mvua zimepotea."

"Nani kalitoboa?"

"Moshi," akasema, akatazama tanuru langu. Mimi nilidhani anatazama mkate.

Mwaka ule kweli mvua zilikataa. Bomba la mtaa lilikuwa linatoa maji kama linakopeshwa, tukapanga ndoo tangu alfajiri, na kwenye foleni ya ndoo watu wanatafuta wa kumlaumu. Wengine walilaumu serikali, wengine wakalaumu dhambi. Nafasi ilikuwa wazi.

Basi wanafunzi wakawa na siku yao ya mazingira, ile wanayofanya uwanjani kila mwaka, wanapanda miche halafu wanaikanyaga wakati wa kucheza muziki. Redio alipewa kutunga igizo. Akanijia, mpole kama kuku anayetafuta pa kutagia. "Mama, niazime lile shuka lako la buluu. Nataka liwe mbingu."

Nilivimba kichwa. Nikajiambia, mtaa huu nani mwingine ana shuka la kufaa kuwa mbingu? Nikalitoa. Akaniambia na mimi nije, nilete mikate, watu watakuwa wengi. Nikaenda na makapu, na wifi yangu akafuata nyuma, maana yeye pasipo na kazi ndipo anapopatikana.

Igizo likaanza. Vijana warefu wamelishika shuka langu juu kwa miti, chini yake wengine wanalima kwa majembe ya maboksi. Mara akatokea kijana wa kiume amefunga kitambaa chekundu kichwani, fundo mbele, kama ninavyofunga mimi. Nyuma amejifunga mto. Anatembea anayumba upande mmoja, kwa sababu mguu wangu wa kushoto ni mbovu. Hajasema neno, watu wameshaanza kucheka. Akawasha tanuru la boksi, akachukua mti mrefu, kama ule wangu wa kutolea mikate, akaunyanyua juu. "Moshi wangu, panda. Panda utoboe."

Mara ya kwanza shuka lilikataa. Nimewaambia lilikuwa zito. Akarudi nyuma akalisukuma kwa nguvu zote, likapasuka, nikasikia ule mlio mpaka kwenye meno. Kwenye tundu ukadondoka mpira wa njano, eti jua, na wakulima wote wakaanguka wakafa.

Redio akashika kipaza sauti. "Ndugu wanafunzi, huyu ndiye Mtoboa Mbingu. Nani kaitoboa mbingu yetu?"

Uwanja mzima ukaitika, "Mtoboa Mbingu," na vichwa vikageuka. Nilikuwa nimesimama na kapu.

Walimu wao walikuwepo wamekaa kwenye viti vya plastiki. Walipiga makofi. Sijui kama walisikia kilichosemwa au walikuwa wanafikiria chakula cha mchana. Na mikate iliisha yote siku ile. Wanafunzi walinunua huku wanacheka. Hilo ndilo lililoniuma kuliko shuka, mtu kutafuna mkate wako na kukucheka kwa mdomo uleule.

Jioni nilimsubiri mlangoni. "Mwanangu, nimekukosea nini?"

"Mama, ni mchezo tu. Hatukumtaja mtu."

"Mmetaja kitambaa. Mmetaja mguu."

"Lengo lilikuwa kuelimisha jamii."

"Jamii ndiyo mimi, na umeshanielimisha. Kesho tafuta chumba."

Akahama na godoro lake. Shuka alilirudisha limekunjwa vizuri, tundu likiwa ndani, kama mtu anayerudisha sahani iliyovunjika kwa kuweka upande mzima juu. Baba yake alikuja baadaye kuniangukia. Nilimpa maji ya kunywa, nikamwambia yeye hana kosa, kosa halirithiwi kwenda juu.

Lakini wifi yangu alikuwa ameshafika bombani kabla yangu. Nilipotokea na ndoo akasema kwa sauti aliyoiazima kule uwanjani, "Mpisheni Mtoboa Mbingu, asije akazitoboa na ndoo zetu." Wakacheka. Kesho yake, "Wifi, mvua ya marehemu kaka yangu umeipeleka wapi?" Wakacheka tena, lakini safari hii kuna waliocheka na kuna walioniangalia. Hawa wa kuniangalia ndio wabaya. Haikupita muda wazee wa mtaa wakaja uani kwangu, wakakaa, wakakohoa, wakasema wanaomba nizime tanuru kwa muda kidogo, waone kama mvua itarudi. Maana wasomi wenyewe wamesema.

Nikawauliza, "Na mkate mtakula wapi?"

Wakasema hilo watalifikiria. Nikawaambia wakishafikiria warudi. Hawakurudi, na salamu zao zikaondoka nao. Mwishowe mvua ilikuja, ikaja nyingi mpaka ikabeba choo cha jirani, na hiyo nayo ikawa yangu. Isiponyesha ni mimi, ikizidi ni mimi. Hata Mungu hajawahi kupewa kazi zote hizo na wifi yangu.

Mimi shule niliishia darasa la pili. Wasomi wakisema kuna tundu, mimi nina nini cha kuwajibu? Nilijua tu kwamba si mimi. Lakini kujua kwa moyo ni kitu kimoja, na kuna mchana fulani, ua ukiwa mtupu, nilisimama kando ya tanuru nikafuata moshi wangu kwa macho mpaka unapopotelea. Nikatafuta. Halafu nikajiona mjinga, nikaingia ndani.

Mngedhani wale wanafunzi wakimaliza chuo na jina litaondoka nao. Lilibaki. Waliofuata walikuta igizo, wakalicheza tena. Na waliofuata hao tena. Kila mwaka kitambaa chekundu, mto nyuma, mguu unayumba, shuka la kwao la bei rahisi, tundu. Watoto ambao hawajawahi kuniona walikuwa wananiigiza kutembea. Mwingine akija kununua mkate anamkanyaga mwenzake mguu anamnong'oneza, "Kumbe yupo kweli." Nimekuwa ngano na bado nalipia maji.

Habari za Redio nilizipata kwa wateja bila kuuliza. Mara amemaliza, mara anafundisha sekondari, mara ameenda nje kuongeza masomo. Nikasema vizuri, redio imebadilisha stesheni. Halafu nikasikia amerudi, ameajiriwa hapahapa chuoni, anafundisha wa mwaka wa kwanza hayohayo mazingira yake. Ukuta ukawa umetutenganisha mimi na yeye, na ukuta huo una nyufa.

Siku aliyokuja nilikuwa natoa mikate. "Hodi."

"Nani?"

"Mimi, mama."

"Kila anayebisha hodi ni mimi. Mimi nani?"

"Redio."

Nikamwambia aingie, maana mlango ulikuwa wazi na mkate ukitolewa nusu unajikunja. Akakaa kwenye kreti pale alipokuwa anakaa zamani. Amenenepa kidogo, ana miwani. Cha ajabu alikuwa kimya. Nikafanya kazi yangu. Kimya kikamshinda.

"Mama, juzi niliwauliza wanafunzi wangu darasani. Nani amesikia mabadiliko ya tabianchi? Mikono yote juu. Hakuna hata mmoja ambaye hajasikia. Nikauliza, haya, yanasababishwa na nini? Wa kwanza akasema tundu limetoboka angani. Wa pili akasema tundu. Nikamchagua wa nyuma kabisa, akasema, 'Si yule mama wa mikate, mwalimu?' Darasa likacheka. Nikawauliza mmejifunza wapi? Wakasema kwenye igizo."

"Igizo katunga nani?"

"Mimi."

"Uliwaambia?"

Akatazama mikono yake. "Sikuwaambia."

Nikaweka mti chini. Nikamwambia anieleze sasa, pole pole, kama anavyomweleza mtu wa darasa la pili, hilo tundu ni langu au si langu.

Akasema tundu lipo kweli, lakini hilo ni jambo lake peke yake. Lililetwa na dawa nyingine kabisa, za mafriji ya zamani na makopo ya kupuliza, wala si moshi wa kuni. Joto la dunia ni jambo jingine. Yanachomwa mafuta na makaa ya mawe, kwenye viwanda, magari, mitambo ya umeme, na misitu inafyekwa, na hewa inayotoka inajazana juu, inazuia joto lisitoke. "Ni kama blanketi, mama. Kila mwaka tunaongeza unene."

"Kwa hiyo hatujatobolewa. Tumefunikwa."

"Tumefunikwa."

"Na moshi wangu?"

"Una sehemu yake, ndogo sana. Unaumiza zaidi kifua chako." Na hapo nikakohoa, kifua nacho hakina siri. "Lakini ukame ule haukuwa wako. Dunia nzima haiwezi kuharibika kwa mikate."

"Ulijua lini kwamba ulikosea?"

"Mwaka uliofuata. Mwalimu mmoja alitufundisha."

"Ukanyamaza."

"Niliona aibu. Igizo lilikuwa limeshapendwa."

"Wewe ambaye hujawahi kunyamaza hata ukiwa na mkate mdomoni. Ulipotakiwa usikike ndipo betri ikaisha."

Alianza kulia. Mimi machozi ya mtu mwingine huwa hayanilowanishi. Akasema, "Nimekuja kuomba msamaha, mama."

"Uliniita Mtoboa Mbingu hapa jikoni?"

"Hapana."

"Wapi?"

"Uwanjani."

"Kwa mdomo mtupu?"

"Kwa kipaza sauti."

"Basi njia unaijua."

Akaanza kujieleza. Ameajiriwa juzijuzi, bado anapimwa. Wakuu wa chuo watakuwepo siku ya mazingira. Akisimama kusema yeye ndiye aliyewalisha wanafunzi uongo miaka yote, watamwonaje? Labda aandike kitu kidogo kwenye ubao wa matangazo. Nikamwambia wifi yangu hasomi ubao. Nikaingia ndani, nikafungua sanduku, nikamtupia shuka mapajani. "Hilo nalo likusindikize." Kisha nikarudi kwenye mikate yangu.

Siku yenyewe nilifunga kitambaa changu chekundu, fundo mbele. Wifi akaniona natoka. Amezeeka, meno yamebaki ya kuhesabika, lakini ulimi haujapoteza hata jino moja. "Unaenda kuchekwa tena?"

"Naenda kuuza mikate."

"Ngoja nivae viatu."

Nilikaa mbele kabisa. Nilimwona Redio kwenye viti vya walimu, mfuko mkubwa miguuni, anatazama viatu vyake. Hotuba zikapita. Miche ikapandwa. Igizo likaanza, akatokea kijana na kitambaa na mto wake, mguu unayumba, watu wakacheka hata kabla hajafika katikati. Redio ameinama. Nikajiambia, hainuki huyu. Kijana akauchukua mti akauelekeza juu. "Moshi wangu, panda. Panda uto..."

"Simama hapohapo."

Hakuhitaji kipaza sauti mwanzoni, sauti ile ninaijua. Alivuka uwanja na mfuko wake, akachukua maiki kwa msimulizi. Wakuu wakaanza kuangaliana.

Kwenye mfuko akatoa blanketi la sufu, akamfunika yule kijana na mto wake wote, kichwa mpaka miguu, juani. Akasubiri. Watu wanacheka hawajui wanacheka nini. "Unasikiaje?"

"Joto, mwalimu," sauti ikatoka ndani.

"Kuna tundu?"

"Hakuna."

"Basi joto limetoka wapi?"

"Ni hili blanketi, mwalimu. Toboa basi nipumue."

Hapo uwanja ulivunjika kwa kicheko, na mimi nilicheka ndani kwa ndani, nje sikuonyesha. Redio akamfunua, akawaeleza kama alivyonieleza mimi, tundu ni mambo yake, joto ni mambo yake, blanketi hilo limefumwa na mafuta na makaa ya mawe na misitu iliyofyekwa. Hakuna aliyecheka tena. Msichana mmoja wa mbele akanyanyua mkono. "Mwalimu, kwa hiyo kila mwaka tumekuwa tunaigiza uongo?"

"Ndiyo. Na uongo ni wangu. Igizo hili nililitunga mimi nikiwa kama ninyi. Nilisikia nusu, nikaitangaza nzima. Nilipojua ukweli nikanyamaza."

Akafunua shuka langu. Alilinyanyua juu, na kwenye tundu nikaona uso wake. Akasema, "Shuka hili niliazimwa na mama aliyekuwa ananilisha. Tukalitoboa, tukampa jina, na watu wakamlaumu kwa mvua. Mama, mbele ya wote hawa, si wewe. Haikuwahi kuwa wewe."

Watu wakageuka tena kunitazama, kama mwaka ule. Sikusimama. Nikasema, "Wa nyuma hawajasikia."

Akarudia. Akarudia mpaka ukuta wa chuo ukarudisha sauti. Yule kijana wa igizo akafungua kitambaa chekundu polepole, akakitia mfukoni.

Wifi yangu alikuwa ametulia kando yangu, mkate wangu mkononi. Akatafuna. Akasema, "Kumbe si wewe."

"Si nilikwambia."

"Uliniambia bila kipaza sauti."

Tulirudi nyumbani na makapu matupu. Pale bombani walikuwepo watu, na habari ilikuwa imeshafika kabla yetu. Mzee mmoja wa wale waliokuja kukohoa uani kwangu akainua mkono, akasema, "Habari ya mchana, mama wa mikate." Nikaitikia.

Jua halijazama, Redio akaja na shuka, amenunua uzi wa buluu na kipande cha kitambaa cha kuzibia. Nikamuuliza wakuu walimwambia nini. Akasema wamemwita ofisini kesho, hajui kama ni kwa heri au kwa shari. Nikamwambia vyovyote itakavyokuwa, asubuhi mkate wa kupasuka utakuwepo. Akauliza, "Umenisamehe, mama?"

"Kaa hapo ushone."

Akakaa kwenye kreti. Mtoto wa fundi viatu, mngetegemea mkono wa kushona. Alishona anaongea, akaziba tundu lote, akanipa. Nikaligeuza upande wa pili, nikapitisha kidole. Mshono ulikuwa umekwenda upogo kama mguu wangu.

Nikamrudishia. "Fumua. Anza upya."